Umeme wa macho, vidonge au fimbo nyeupe: hela iende wapi kwanza?

Mugonile wadau. Niko Uyole, mvua haijakata tangu alfajiri na soko halina watu, kwahiyo acha niandike hili jambo ambalo nimeulizwa mara nyingi mpaka nimechoka kurekodi voisi. Nyumbani kwetu tuna wagonjwa wawili wa macho. Kaka yangu Gwakisa ana RP, retinaitisi pigmentosa kwa jina kamili, na baba yetu, mzee wa miaka 74, ana ule ugonjwa wa katikati ya retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kuchakaa kwa umri. Wote wawili waliambiwa ni retina, wote wawili waliambiwa kilichoharibika hakirudi, alafu wote wawili kwa wakati wake wakaletewa video ya mashine ya umeme inayozuia upofu. Kikao cha familia kikakaa Tukuyu, nikaambiwa wewe ndo una bando, kaangalie, utuambie tuuze ng'ombe au tusiuze.

Nikaangalia karibu miezi minne. Hapa naweka kama nilivyowaeleza wao, chaguo moja kando ya lingine, na nitasema wazi mi nimeegemea wapi.

Kwanza kabisa, usilinganishe mashine kabla hujajua jicho lako linaharibika kuanzia wapi. Hii ndo ilitupotezea muda, tulikuwa tunatafuta "dawa ya retina" kana kwamba retina ina ugonjwa mmoja. Gwakisa alikuwa dereva wa fuso, Mbeya Dar, Dar Mbeya. Akaanza kulalamika kwamba kushuka Kitonga usiku kunamshinda, taa za wenzake zikimpiga haoni kitu kwa muda, alafu waenda kwa miguu pembeni ya barabara anawaona wakati wameshafika kwenye kioo. Ila mchana anasoma gazeti freshi kabisa. Ndo RP hiyo, inakula seli za kuonea gizani kwanza, kisha pembeni, unabaki unaangalia dunia kama umechungulia bomba la maji, na katikati huwa kunasalimika muda mrefu. Ni ya kurithi, inampata mtu 1 kati ya kama 4,000, na mara nyingi wazazi wenyewe wanaona vizuri tu kwasababu kila mmoja kabeba jini moja bovu (kile kipande cha urithi ndani ya mwili, si shetani) bila kujijua. (Shangazi alishasema kuna mtu kamfunga macho kwa ajili ya lile gari. Nilimjibu shangazi shikamoo, nikaishia hapo.)

Mzee ni kinyume chake. Anazunguka kwenye migomba bila kujikwaa, pembeni anaona, ila ukikaa mbele yake uso wako una doa. Wajukuu anawatambua kwa sauti na kwa mwendo. Huo ni wa makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina inayosomea na kutambulia sura, na una sura mbili, mkavu unaokwenda polepole, na wa majimaji ambao mishipa mibovu inaota nyuma ya jicho na kuvuja damu, huo unaweza kumaliza macho yako kwa wiki chache tu. Shika hii tofauti maana huko mbele inaamua kila kitu.

Haya, umeme sasa.

Watu wanacheka lakini si jambo la jana. Mwaka 1755 Mfaransa mmoja, Charles LeRoy, alimpitishia umeme kijana kipofu akitegemea kumponya, kijana akasema ameona kama mwali wa moto unashuka, ila macho hayakupona. Mwaka 1873 daktari Henri Dor akaandika kuhusu kutibu magonjwa ya macho kwa umeme. Kwahiyo wazo ni la zamani, kilichobadilika ni vipimo na maelezo. Maelezo ya leo ni kwamba umeme mdogo unazisukuma seli za retina zitoe protini za kujilinda na kujikarabati, zile zilizochoka zisife haraka. Kwa panya imeonekana vizuri. Hapo angalia, seli iliyokwisha kufa umeme haiifufui. Mtu ambaye haoni hata mwanga, hii habari haimhusu, na anayemuuzia anamwibia.

Kuna aina mbili za umeme zinazochanganywa kwenye video, na ndo ulinganisho wenyewe ulipo.

Ya kwanza ni ile ya Wajerumani ambayo Gwakisa anaitaka, OkuStim, imeruhusiwa kuuzwa Ulaya tangu 2011 kwa ajili ya RP. Unavaa kitu kama fremu ya miwani, fremu inashikilia uzi mwembamba wa elektrodi, yaani wa kupitishia umeme, unaogusa jicho lenyewe kwa chini, kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na elektrodi nyingine zinabandikwa pembeni ya jicho karibu na panja. Nusu saa, mara moja kwa wiki, nyumbani kwako. Kabla ya hapo daktari anakupima kiwango chako binafsi, anaongeza umeme kidogo kidogo gizani mpaka useme naona vimulimuli, hicho kiwango ndo kinatumika kupanga dozi yako, hakifanani na cha jirani. Elektrodi ukishatumia unatupa.

Inafanya kazi? Jibu la kweli ni refu kidogo, vumilieni. Utafiti uliochapishwa 2011 ulikuwa na wagonjwa 24 kwa wiki 6, wengine walipewa umeme wa kutosha, wengine kidogo, wengine geresha, yaani wamevalishwa mashine lakini umeme haupiti. Waliopewa wa kutosha upana wa kuona uliongezeka, watu wakashangilia. Ukaja mkubwa zaidi uliochapishwa 2017, watu 52, mwaka mzima. Huo ukaonyesha ni salama, malalamiko makubwa ni macho kukauka, na vipimo kadhaa vilielekea upande mzuri kwa waliopata umeme, lakini tofauti ilikuwa ndogo kuliko walivyotegemea na kihesabu haikufikia kiwango cha kusema imethibitika. Yaani si utapeli, na si tiba iliyothibitishwa. Iko katikati, na katikati hapo ndo pagumu mtu akiwa na ng'ombe wawili tu.

Alafu kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa na likiniingia ndo nikaacha kuamini ushuhuda wa kwenye video. RP inakwenda taratibu sana. Mtu anatumia mashine mwaka, macho yamebaki vilevile, anasema jamani mashine imenisaidia. Lakini je bila mashine mwaka huo macho yangeshuka kiasi cha yeye kugundua? Mara nyingi hapana! Kinachojibu swali hilo ni kipimo cha upana wa kuona kinachorudiwa kila mwaka, kwa mashine ileile ikiwezekana, na kulinganisha na kundi la geresha, si maneno ya mtu hata kama analia kwa furaha. Kwahiyo ukinunua mashine bila kuwa na sehemu ya kupimwa kila mwaka, umenunua kitu ambacho hutajua kama kinafanya kazi. Piga hesabu, nusu saa mara wiki 52 ni saa 26 kwa mwaka, si nyingi, hata kwa mtu wa shamba. Kazi ni elektrodi kufika huku kila mara, na daktari wa kukupimia kile kiwango cha vimulimuli, maana bila hicho dozi unapanga kwa kubahatisha.

Aina ya pili ya umeme ni mkondo mdogo mno, wa maikroampia, unaopitishwa juu ya kope macho yakiwa yamefumbwa, kliniki, vipindi kadhaa, na huu ndo walimletea mzee kwasababu unatangazwa zaidi kwa makula kavu. Hauingizi kitu jichoni, hauumi, na kwa mtu mzima anayeogopa uzi machoni unavutia. Lakini ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa kwanza, tafiti ndogo ndogo, nyingine hazina kundi la geresha kabisa. Nikiwaweka wawili kando kwa kando: OkuStim ina utafiti wa mwaka mzima wenye geresha na jibu la "huenda", huu mwingine una matumaini na bei. Kwa mzee nilikataa, na sikujuta.

Na kuna marufuku ambayo kwenye video haitajwi. Mtu mwenye makula ya majimaji, au retina iliyoharibiwa na kisukari, au mshipa wa retina ulioziba, umeme wa kwenye konea si wa kwake. Sasa fikiria mtu amesikia tu "una tatizo la retina" kliniki, hajaambiwa lipi, anakimbilia umeme. Hapo ndo narudi kwenye lile la kwanza, jua jina kamili la ugonjwa, muombe daktari akuandikie kwenye karatasi.

Ngoja niseme la aibu. Gwakisa kabla hajaniambia alikuwa ameshauziwa mashine sokoni hapa mjini, elfu 85, muuzaji kamwambia ni ileile ya Ujerumani toleo la Afrika. Kilikuwa ni kile kidude cha kusisimua misuli cha watu wa maumivu ya mgongo, chenye vibandiko vya gundi na waya nne. Kakaa nacho siku mbili akibandika kwenye kope. Mama ndo alichukua kile kikaratasi cha ndani, maandishi ya sisimizi, akaniita, "Njoo unisomee hapa mwanangu, mbona wamechora jicho lina mkasi wa msalaba?" Imeandikwa usiweke kichwani wala karibu na macho, na mwenye betri ya moyo asitumie kabisa. Nikamuuliza kaka hivi hukuona? Akacheka, "Dada, mi ningekuwa naona maandishi hayo ningetafuta mashine ya nini." Alikuwa anatania tu lakini kicheko kiliisha haraka. Hicho kidude sasa kinamtibu mama kiuno, kazi yake halali.

Vidonge. Huku ndo watu wengi wanapoteza hela kimyakimya kuliko kwenye mashine. Kwa RP kuna hadithi ya vitamini A, ilitoka kwenye utafiti wa Marekani wa 1993, uniti 15,000 kwa siku, ukasema inapunguza kasi. Miaka 30 baadaye, 2023, data zilezile zikapitiwa upya kwa njia za kisasa pamoja na vipimo vya jini na ile faida haikuonekana. Na uniti 15,000 kila siku miaka na miaka si mchicha, ini linaweza kulalamika, mjamzito ni hatari kwa mtoto, na kuna ugonjwa mwingine wa kurithi wa makula unaoitwa Stargardt ambao vitamini A nyingi inaweza kuuzidisha. Kwahiyo kwa Gwakisa, hapana.

Kwa mzee vidonge vina hoja, tena hoja nzuri kuliko umeme. Kuna mchanganyiko ulioitwa AREDS, tafiti mbili kubwa za serikali ya Marekani, 2001 na 2013, vitamini C, vitamini E, zinki, shaba kidogo, na kwenye toleo la pili, AREDS2, luteini na zeaksanthini. Kwa mtu aliye hatua ya kati ya makula kavu unapunguza uwezekano wa kufika hatua mbaya kwa kama robo ndani ya miaka 5. Haurudishi kuona. Kwa mtu wa hatua ya mwanzo kabisa haukuonyesha faida. Na mvutaji sigara asichukue ule wa zamani wenye beta-karotini kwasababu ya saratani ya mapafu. Angalia namba kwenye chupa, miligramu 500 za C, si jina la "eye vitamini" limeandikwa kubwa na picha ya jicho la bluu. Mzee wetu yuko hatua ya kati, kwahiyo tukachagua hii, na sharti la kwanza likawa ugoro na sigara viishe. Ugoro bado tunabishana.

Kuna na mashine ya mwanga, si umeme, inaitwa Valeda, Marekani wameiruhusu Novemba 2024 kwa makula kavu, vipindi 9 ndani ya wiki chache alafu unarudia kila baada ya miezi minne. Kwa mtu wa Rungwe hiyo ratiba ni ndoto ya usafiri, tuliipita haraka.

Tiba ya jini watu wanaitaja sana kwenye magrupu ya RP. Ipo kweli, Luxturna, imeruhusiwa Marekani tangu Desemba 2017, sindano moja kila jicho. Ila ni ya jini moja tu linaitwa RPE65, wakati jini zinazoweza kuleta RP ni zaidi ya 60, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili, hiyo ni zaidi ya bilioni 2 za kwetu, hata tukiuza Tukuyu nzima na chai yake haifiki. Lakini usiitupe kabisa hii habari, maana kipimo cha jini chenyewe kina maana, kinakuambia aina yako, na watoto wako wako kwenye hatari gani. Na wanaoota kichipu cha kupandikiza machoni wasome habari za Argus II, kampuni iliacha kukitengeneza 2019, watu zaidi ya 350 duniani wakabaki na chuma machoni kisicho na fundi. Mi hiyo ilinifundisha kuuliza swali moja kwa kila mashine: ikiharibika nani anatengeneza, na yuko kilomita ngapi kutoka Uyole?

Sasa upande ambao haupo kwenye video hata moja kwasababu hauna cha kuuza, na ndo ulioshinda kwetu.

Wenye RP wengi wanapata mtoto wa jicho mapema, ule wa kukaa upande wa nyuma wa lenzi, na wengine wanavimba katikati ya retina kwa maji. Yote mawili yanatibika! Mtoto wa jicho anatolewa, uvimbe unajaribiwa kwa asetazolamaidi, vidonge vya kawaida tu ambavyo daktari anaandika. Gwakisa alivyofika hospitali ya rufaa na kupanuliwa mboni vizuri wakakuta jicho la kulia lina mtoto wa jicho mzito. Yeye alikuwa anajua ni RP imemaliza. Wakamtoa. Bomba la kuchungulia ni lilelile, halikupanuka, lakini ndani ya bomba sasa kumeng'aa, anasoma namba za bajaji upande wa pili wa barabara. Hakuna utafiti wowote wa umeme niliousoma ambao umempa mtu badiliko kubwa namna hiyo, na gharama yake haikufika hata ng'ombe mmoja.

Kwa mzee kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni daftari la hesabu. Lile la vimraba. Unaweka nukta katikati ya ukurasa, anafunika jicho moja, anaangalia nukta kwa miwani yake ya kusomea, mistari ikipinda au ikikatika siku moja wakati jana ilikuwa imenyooka, siku hiyohiyo safari. Maana hiyo ni dalili makula kavu yamegeuka kuwa ya majimaji, na ya majimaji kuna sindano ya ndani ya jicho inayozuia, bevasizumabu na ndugu zake, ila inataka uwahi. Umeme hapo haupo kwenye mazungumzo.

Nikipanga kwa anayeuliza "kwahiyo dada unashauri nini", iko hivi. Una RP, bado unaona kiasi, mtoto wa jicho na uvimbe vimeshaangaliwa, una ndugu Ujerumani au hela ambayo ikipotea hamlali njaa, na una sehemu ya kupimwa upana wa kuona kila mwaka: OkuStim si ujinga, jaribu mwaka mmoja, pima, amua. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, hela iende kwanza kwenye uchunguzi kamili na miwani ya jua na kofia na mafunzo ya fimbo nyeupe. Fimbo watu wanaikimbia wanaona ni kujitangaza kipofu. Gwakisa aliikataa miezi sita, mpaka alipotumbukia mtaro Mwanjelwa saa moja jioni na suruali ya kitenge ya harusi. Chama cha Wasioona Tanzania wana watu wanaoweza kukuelekeza namna ya kuitumia, tena wengine ni wenye RP kama wewe, bado wanaona kidogo.

Una makula kavu hatua ya kati: vidonge vya AREDS2, acha tumbaku, daftari la vimraba, umeme subiri.

Gwakisa bado anautaka umeme, sitawadanganya. Tumekubaliana hivi, kipimo cha upana wa kuona alichofanya mwaka huu tumekipiga picha na kukihifadhi, mwakani anarudia, tukiona kasi inatisha tunarudi kwenye kikao cha ng'ombe. Kwa sasa leseni ameirudisha mwenyewe, fuso analiendesha mdogo wetu, yeye kahamia kwenye parachichi, asubuhi mpaka saa kumi jioni, jua likianza kushuka anafunga. Mzee kila Jumapili baada ya ibada anaomba daftari lake. Jumapili iliyopita alisema mstari mmoja umepinda, tukakimbia mpaka kwenye gari, kumbe ukurasa ulikuwa umelowa chai.